Nazi ya Kwanza

Mwaka 1998 Justus Mutiso, karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, alikuwa na siri ambayo Ukunda nzima iliijua: alikuwa akitunga mchezo wa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Bi Hasina, mwenye duka la kupiga chapa. Kwa miaka kumi na saba Bi Hasina alikuwa amewapigia watu wa Kwale chapa barua zao za kuomba kazi, hati zao za kiapo na kadi zao za arusi, na kila alasiri alimwachia kijana huyu wa Machakos mashine kwa sababu moja tu: alikuwa mtu wa bara aliyejua kuamkia.

Katika mchezo huo mchuuzi wa vinyago anakimbia ufukweni, askari wa hoteli nyuma yake. Anaruka mitumbwi, anapiga kaa mateke, anakwepa nazi zinazoanguka kutoka minazini. Akifika mto wa Kongo, pale ufuko wa Diani unapoishia, ameokoka.

Justus naye alikuwa na mto wake wa kuufikia. Wageni walikuwa wamepungua na hoteli ilikuwa ikipunguza watu. Meneja alimwambia kwamba mchezo huo ungewekwa katika chumba cha watoto wakati wa Krismasi. Ukiwashika watoto wa wageni, angepewa kazi ya kudumu hapo. Usipowashika, mkataba wake ungekwisha Januari pamoja na mikataba ya wenzake.

Katika jarida la kompyuta lililosahauliwa na mgeni kando ya bwawa, Justus alikuwa amesoma kwamba mchezo hujaribiwa na watu wengine, na kwamba mtungaji anatakiwa akae kimya. Sehemu ya kwanza aliitii kwa bidii. Alinunua daftari, akawaalika watu kumi na wanane, mmoja mmoja, akasimama nyuma ya kiti cha kila mmoja.

"Ruka! Sasa! Inakuja nazi, rudi nyuma! Ruka tena!"

Watu waliruka. Salimu, mhudumu wa meza, alifika mtoni akitokwa na jasho.

"Mashaallah, bwana Justus. Yapendeza. Mungu akuzidishie."

Justus akaandika: *nzuri*. Cliff wa baa akasema, "Manze, hii kitu ni poa sana," huku akitazama mlango. Justus akaandika: *nzuri sana*. Hakuwa amekaa pwani muda wa kutosha kujua kwamba hapa mtu hakaribishwi kwa mwenzake, akaonjeshwa alichopika, kisha akataja chumvi. Na Cliff, aliyetoka bara kama yeye, alikuwa amejifunza adabu hiyo haraka kuliko yeye.

Wa mwisho alikuwa Bi Hasina. Siku hiyo Justus aliitwa nje na mteja, na mama wa watu akacheza peke yake. Aliporudi alimkuta amekunja mikono.

"Sikufika mbali, mwanangu. Nauawa pale kwenye mnazi wa kwanza, wala sijui nauawa na nini. Hiyo nazi yako siioni. Rangi yake na ya mnazi ni moja."

"Ni kwa sababu wewe umezoea taipureta, Bi Hasina," alisema Justus. "Mchezo huu unataka vidole vyepesi."

Aliyasema hayo kwa mwanamke mwenye vidole vyepesi kuliko vyote kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. Bi Hasina alivitazama vidole vyake kidogo, kama anayevionea huruma.

"Basi ni nzuri, mwanangu."

Justus akaandika: *nzuri*.

Siku mbili kabla ya Krismasi mchezo uliwekwa hotelini. Justus alikuwa zamu mapokezi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mchezo ulichezwa bila sauti yake. Haikupita robo saa meneja akamwita.

"Justus, kitu chako kimeharibika."

"Hakijaharibika, bosi."

Alikaa kwenye kiti kidogo chekundu kilichotengenezwa kwa makalio ya mtoto wa miaka sita, akacheza. Akamfikisha mchuuzi mtoni bila kukosea hata mara moja. Nazi zote alizikwepa. Alizijua kwa moyo, kama mtu ajuavyo ngazi za kwao gizani. Aligeuka akitabasamu. Watoto wanne walikuwa wakimtazama kwa adabu. Msichana mmoja akamwuliza meneja kama sasa wangeweza kurudi kuogelea. Meneja alimsaidia kuinuka, maana kiti kilikuwa kimemng'ang'ania.

Januari mkataba ukaisha. Justus alipita mbali na duka la Bi Hasina kwa wiki tatu, akizunguka kwa nyuma ya soko, mpaka Jumatano moja akaingia na daftari.

"Shikamoo, Bi Hasina."

"Marahaba, mwanangu. Tulidhani umerudi kwenu."

Akalifungua mbele yake. "Hili neno hapa kwenye jina lako. Si lako."

"Nalijua. Siku ile ile ulilisahau daftari hapa mezani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara moja. Mara ya pili ingekuwa ni kukusuta."

Justus alitazama sakafu ya duka, ambayo haikuwa na cha kutazama. Kisha akamwomba Bi Hasina aucheze mchezo tena, tafadhali, kama ulivyokuwa, bila kubadilishwa kitu. Yeye akatoka, akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwa mlango.

Kompyuta ililia mlio wa mchuuzi anapokufa. Justus akafumbua mdomo, akaufumba. Ikalia tena. Mpita njia alimwamkia, akaitikia kwa kichwa tu, akiogopa kwamba akifungua mdomo lingemtoka "Ruka!". Mara ya saba alikuwa amelitia daftari mdomoni.

"Justus!" Bi Hasina aliita kutoka ndani. "Nazi bado siioni!"

"Naam," alijibu, akalitoa daftari mdomoni, akaliandika neno hilo kama lilivyosemwa.