Madumu Matatu ya Hasira

Mkwe wangu alikuwa fundi mzuri. Naanza na hilo kwa sababu Tunduma nzima ilisema siyo, na mimi niliyejua ukweli nilinyamaza. Tena nisijipambe, sikunyamaza tu. Niliongeza na langu.

Darasa niliishia la tatu, kule Hasamba, baba alipoona ng'ombe wananihitaji kuliko mwalimu. Kusoma nasoma polepole, kidole kikitangulia. Lakini namba nazijua, hasa za lita. Dereva asiyejua lita ni abiria aliyepewa usukani.

Malori nilianza kuyaendesha biashara zilipofunguliwa, wakati kila mwenye shangazi Zambia alijiita mfanyabiashara. Gari langu la kwanza lilibeba chumvi ya Ivuna. Chumvi ile ililila bodi mpaka siku moja mlango wa nyuma ukabaki Kamsamba, mimi nikafika Mlowo napiga mluzi, sijui kitu, na magunia manne yamenikimbia njiani. Mwenye gari alinifukuza kwa lugha tatu. Lakini hiyo siyo habari niliyokalia kuandika.

Baadaye nilipata tajiri mwingine, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma, mwenye swala tano, mpole wa maneno na mgumu wa mkono. Alinunua lori la mtumba kutoka Ulaya, kichwa na tela lake. Injini ilikuwa ya zamani, lakini tayari ilikuwa na kompyuta, kile kisanduku cha bati ubavuni kinachoamuru nozeli zimwage dizeli kiasi gani. Sisi tulikiita kontroli boksi. Mafundi wetu walifungua kila kitu kwenye lori lile, wakifika hapo wanapazunguka kama kaburi la mtu mbaya.

Sasa, desturi ya barabara ilikuwa hivi. Tajiri anajaza tangi mbili za kwenda Dar es Salaam na kurudi, na kinachobaki ni cha dereva. Haikuandikwa popote, ila matajiri waliijua kama mwenye ghala anavyowajua panya. Mimi kila safari nilibakiza madumu matatu, ya lita ishirini ishirini. Niliyapata kwa kuteremka milima ya Senjele na Kitonga gia ikiwa frii, lori likijiendea lenyewe, moyo uko mdomoni. Nikirudi niliyashusha kijiji cha Mpemba, kabla ya kuingia Tunduma, kwa mama mmoja aliyeuza dizeli nyuma ya banda la mkaa. Nyumba yangu ya bati Hasamba imejengwa kwa madumu matatu matatu. Kwa hayo sioni haya. Haya yangu iko mbele.

Binti yangu wa pili aliolewa na kijana wa Kinamwanga, wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kijana yule alikuwa amefanya kazi Kitwe, kwenye karakana ya magari ya migodini, na huko ndiko alikojifunza kuongea na injini kwa waya na laptopu. Mtaratibu mno. Kwetu mkwe na baba mkwe wanastahiana mpaka inachosha. Akinikuta njiani alichuchumaa mbali, akapiga makofi mawili ya taratibu, akasema "Tata," yaani baba, macho chini. Hatukula sahani moja. Akiwa na neno zito, analipitisha kwa binti yangu, na mimi jibu langu linarudi kwa njia hiyohiyo. Mkwe anayemwambia baba wa mkewe usoni kwamba amekosea, kwetu huyo hana kwao.

Tajiri alisikia habari zake kwenye foleni ya mpakani, madereva wa Zambia wakimsifu. Akamwita uani kwake, mimi nikiwepo.

"Mwanangu, wasema waweza kulifanya gari langu lile mafuta kidogo?"

"Naweza, mzee," mkwe akajibu. "Programu iliyomo ni ya kwanza kabisa, ya barabara za kwao. Nitaipandisha iwe mpya. Injini itavuta nguvu mapema, isimwage mafuta bure. Safari ya Dar itapungua lita sitini."

Lita sitini. Nilizigawa papo hapo: madumu matatu. Kama vile mtu amepanda juu ya nyumba yangu anang'oa bati.

"Basi zikipungua," tajiri akasema, "na mimi nitapunguza ninachotia." Akanigeukia. "Mbona umenuna, dereva? Una wivu na kompyuta kama mke mkubwa aliyeletewa mwenziwe!"

Uani wakacheka. Na mimi nikacheka, meno tu.

Siku ya kazi ikaja. Waya wa laptopu unachomekwa chini ya usukani, na fundi inabidi akae kwenye kiti cha dereva. Kiti kile kilikuwa changu. Mkwe hakalii kiti cha baba mkwe bila ruhusa, kama asivyolalia kitanda chake. Binti yangu akaja.

"Baba, mwenzangu anaomba akae kwenye kiti chako."

"Mwambie afanye kazi yake."

"Ndiyo anaomba, baba."

"Nimesema afanye kazi yake."

Nilijua ninachofanya. Neno "akae" lisingenigharimu kitu, lakini sikulitoa. Basi mtoto wa watu alipiga magoti kwenye ngazi ya gari, mlango wazi, laptopu ameiweka juu ya gunia lake mwenyewe, jua la mchana mgongoni. Saa tatu nzima. Wapita njia wakamtania.

"Fundi, unaliombea gari?"

"Naliombea lishibe mapema," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Alipomaliza na kushuka, magoti yake yalikuwa na alama za mabati ya ngazi ile. Niliyaona. Naandika niliyoyaona.

Jioni binti akaniletea maagizo. "Anasema, baba, usiteremke frii tena. Ukiiacha gia ndani na mguu ukiutoa kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli, injini hainywi hata tone. Na usiiache ipige kelele, panda gia mapema."

"Mwambie mumeo nilikuwa nateremka Kitonga yeye akiogeshwa kwenye beseni."

Najua hakumwambia. Binti yule alikuwa na tabia ya kupoteza maneno mabaya njiani.

Tajiri akapanga jaribio. Tangi zikajazwa mpaka shingoni mbele ya macho ya watu, lita mia tisa. Kawaida lori lilirudi tangi zote mbili kavu. Safari hii, likirudi na mafuta, ndiyo ushahidi kwamba programu inafanya kazi. Na matajiri wenye malori mengine matatu walikuwa wanasubiri, kijana akifaulu kwetu aende kwao. Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya tangi zangu.

Nikaondoka. Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu hudhani mtu mbaya ni mtu asiyeona kizuri. Mimi nilikiona. Kurudi, napanda Kitonga na saruji tani zangu, lori lilipanda kama limeshushiwa nusu ya mzigo. Pale ambapo miaka yote nilikuwa nahangaika na gia ya tatu, lilikwenda na ya nne, halilii, linanguruma tu kifuani. Nilishika usukani nikasikia raha ya ajabu, halafu ile raha ikageuka hasira. Kwamba kitoto cha juzi, kwa magoti yake, kimeliweza gari langu kuliko mimi!

Nikafika Mpemba. Nikapima tangi kwa ufito. Kulikuwa na lita mia moja ishirini. Hesabu ilikuwa imekaa sawasawa: sitini zangu za siku zote, na sitini alizoahidi yeye. Kijana hakukosea hata dumu moja.

Yule mama akaja na mpira wake wa kunyonyea. Akanyonya dumu la kwanza, la pili, la tatu, akaanza kufunga vifuniko.

"Endelea, mama."

"Leo kuna nini? Umepata shamba la dizeli?"

"Nyonya, mama. Usiniulize."

Yakawa sita. Matatu ya desturi na matatu ya hasira. Nikaingia Tunduma kwa mabaki ya kwenye mabomba, tangi kavu kama zamani.

Uani walikuwepo tajiri, mkwe wangu, na madereva kadhaa waliokuja kutazama. Tajiri akatumbukiza ufito tangi la kwanza, ukatoka mkavu. La pili, mkavu. Akaufuta na kanzu, akaurudisha tena, kana kwamba ufito ndio ulikuwa na makosa.

"Fundi, mbona hivi?"

Mkwe akachomeka waya wake, safari hii kwa kusimama chini na kunyoosha mkono. Mimi nilisimama karibu, nimetulia kabisa. Miaka yote hiyo na kontroli boksi, nilijua inatoa mafuta. Sikujua kwamba inayahesabu.

Alitazama kioo cha laptopu kwa muda mrefu. Kisha, bila kunitazama, akaigeuza kidogo upande wangu, kama mtu anavyosogea kumpisha mzee kivulini. Mistari mingi sikuijua. Mmoja niliujua. Lita zilizochomwa na injini tangu tulipoondoka: mia saba themanini.

Tangi zilimeza mia tisa. Injini ilikuwa imekula mia saba themanini. Hata darasa la tatu linatosha.

Nikatazama kandambili zangu.

"Inasemaje hiyo?" tajiri akauliza.

Kijana alikuwa na ukweli mkononi, unaong'aa, angeuonyesha tu. Akafunga kifuniko cha laptopu.

"Inasema nimekosea, mzee."

"Umekosea nini?"

"Injini imechoka. Programu mpya haikuikubali. Nitairudisha ile ya zamani."

"Subhanallah! Sifa zote zile! Dereva, wewe hukuliona hili njiani?"

Hapo ndipo ningeweza hata kunyamaza. Kunyamaza kungekuwa nusu ya dhambi. Nikasema, "Nilijua, tajiri. Mambo ya laptopu hayapandi Kitonga."

Wakacheka. Mkwe wangu alikuwa ameshachuchumaa anakunja waya wake, anaukunja taratibu, duara juu ya duara, asiumize nyuzi za ndani.

Siku hiyohiyo alirudisha programu ya zamani. Yale malori matatu hayakwenda kwake. Akipita na begi lake, madereva walimwitia kutoka juu ya vichwa vya malori: "Fundi! Injini imechoka!" Hata watoto wa sokoni wakaishika.

Wiki haikuisha, binti yangu akaja Hasamba na kuku. Jike jekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba mkavu. Akapiga magoti.

"Baba, mwenzangu amekuaibisha mbele ya tajiri wako. Ametuma hii kukuomba radhi."

Ndiyo mila. Mkwe akimvunjia heshima baba mkwe, analeta kuku, kuku analiwa, neno linakwisha. Nilimtazama binti usoni nione kama anajua. Hakujua. Alikuwa amebeba aibu ya mumewe kutoka Tunduma mpaka kwangu, kwa basi, mapajani. Mke wangu akampika yule kuku. Firigisi nikatengewa mimi, kama ilivyo ada. Nikaila.

Wakahamia Kitwe kabla ya mvua.

Na madumu yangu? Yaliendelea miaka mitatu tu. Tajiri aliuza lori, nikaenda kwa mwingine, na huko malori yote yalikuwa na kompyuta mpya zinazosema kila tone limekwenda wapi. Ofisini anakaa msichana anakusomea kama padri. Siku moja, kwa uchovu tu, nilikumbuka maagizo ya mkwe nikateremka Senjele gia ikiwa ndani. Kile kimshale cha ulaji wa mafuta kikalala kwenye sifuri mpaka daraja la mto Songwe. Miaka yote ile ya moyo mdomoni.

Mke wangu alipofariki walikuja. Kijana ameota mvi masikioni. Alichuchumaa mbali, akapiga makofi mawili, "Tata," macho chini. Mdomo wangu ulifunguka. Lakini baba mkwe naye hamwombi mkwe radhi usoni. Anatuma kuku, na kuku hubebwa na binti.

Siku ya kuondoa tanga binti alikaa karibu nami, akaniambia kwa sauti ya kunifariji, "Baba, siku hizi mwenzangu ana karakana yake. Amejifunza vizuri sasa, siyo kama wakati ule."

"Vizuri," nikasema.

Kuku wa kupeleka ninao. Nimeshachagua majogoo watatu kwa nyakati tofauti, wakanenepa, wakazeeka, tukawala. Maana atakayembeba ni yeye, na kabla hajapanda basi ataniuliza: baba, hii ni ya nini?