Mpunga Bila Kinu

Leo nimefungua kiroba cha mpunga, harufu ya maganda ikanirudisha kwenye tuta la reli tulikokimbilia wakati wa mafuriko.

Mama alitaka tubebe mchele. Bibi, mama yake baba, akamnyang'anya.

"Mchele ukilowa ni uchafu. Beba mpunga, mvivu wewe."

"Na kinu atabeba nani, mama?"

"Wenye mikono."

Kinu kikabaki nyumbani, kila mmoja akimwachia mwenzake. Labda nakumbuka vibaya. Na kwa haki niseme, mvua ilitulowesha kweli, mchele usingepona. Jioni watoto tulilia njaa. Mama akajaza sahani mpunga na maganda yake, akapiga goti mbele ya bibi.

"Karibu chakula, mama."

Bibi akaanza kuumenya kwa kucha, punje moja moja, bila kumtazama.