Nyani Aliyeitwa Neema

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kawajense tuliishi na nyani mwenye jina la marehemu. Baba mdogo ndiye aliyemleta. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi yake kule Sibwesa, akamuua mmoja, akakuta kitoto kimeng'ang'ania tumbo la mama yake aliyekufa. Akakihurumia, akaja nacho ndani ya koti.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa ametoka kumzika binti yake mchanga, Neema. Alikifunga kile kitoto mgongoni kwa khanga na kukiita Neema. Bibi aligoma kuingia ndani.

“We mwanangu, jina la mtu halipewi mnyama. Siku moja huyo aliyekufa ataitika.”

Sisi watoto tulicheka. Neema alikunywa uji, akalala kitandani. Lakini alikua, meno nayo yakakua. Alitukodolea macho tukila, tukawa tunampa mgongo. Mama mdogo alipojifungua mtoto wa kiume, Neema akafungwa kamba uani.

Mchana mmoja tulikuta kamba imekatika, na kitandani mtoto hayupo. Kilio kilitoka juu ya bati. Neema alikuwa amekaa ukingoni, kamkumbatia mtoto, anamchambua nywele taratibu. Baba mdogo akaokota jiwe.

“Usirushe!” Bibi akamshika mkono. “Atamwachia mtoto aanguke.”

Mama mdogo akainama, khanga mkononi. “Neema, njoo nikubebe, mama.”

Naapa nilisikia mtu akiitika, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike. Nyani akashuka na mtoto, akampandia mama mdogo mgongoni. Tulipomnyakua mtoto, mzima, Neema alimng'ata mama mdogo bega hadi mfupa ukaonekana.

Kesho yake watu wa wanyamapori walimchukua. Walisema porini hawezi tena kuishi, wenzake wangemuua.

Siku hizi nikimwona kijana mjini Mpanda anatembeza tumbili kwa mnyororo, namfokea bila aibu. Nyani yule alifanya alichofundishwa: alijua mtoto hubebwa. Hivyo ndivyo ninavyojielezea mwenyewe, ingawa ile sauti sijaipatia maelezo.

Siku ile gari la watu wa wanyamapori lilipoondoka naye, mama mdogo alikaa chini, bega limefungwa kitambaa, akalia kilio cha msibani. Majirani walichungulia, wakacheka, wakaondoka. Nilitamani japo mmoja aingie ampe pole, lakini nani angekuja kwenye msiba wa nyani?