Mbegu ya mafuta niliyorithi Kariakoo: niliyoyashika kwa mkono wangu

Wakuu, habari za mchana. Nitaandika nilichokiona tu. Nisichokijua nitasema sikijui. Shule yangu iliishia la saba, mnivumilie.

Nakaanga samaki Kariakoo, upande wa Msimbazi. Karai aliniachia Mama Sikudhani, aliyekaanga hapo kabla yangu, aliporudi kwao Lindi.

Aliniachia na dumu la lita tano, akaliita mbegu. Mafuta ya jana humwagi. Unayachuja, unamimina mapya juu yake.

"Ukimwaga mbegu, umemwaga wateja," alisema.

Nikafuata. Na haki isemwe, samaki walitoka wekundu, watamu.

Baadaye mafuta yakaanza kuvutika kama gundi. Povu linapanda hata moto ukiwa mdogo. Harufu kama ya rangi ya mlango ikanifuata mpaka kwenye mto wa kulalia.

Siku moja, kabla sijawasha jiko, nikafunua ndoo ya matambara niliyofutia karai jana yake.

Yalikuwa ya moto. Kama mtoto mwenye homa.

Nikadhani najidanganya, nikashika tena. Katikati ukatoka moshi mwembamba.

Dada wa mihogo pembeni akaruka. "We! Humo ndani kuna jini!"

Nikampigia Mama Sikudhani.

"Shikamoo mama. Hii mbegu uliianza lini?"

"Marahaba. Sikuianza, mwanangu. Niliikuta."

"Kwa nani?"

"Kwa bibi mmoja, marehemu sasa. Naye aliikuta."

Nikabaki nalitazama dumu.

Wiki hiyohiyo Mzee Salum wa duka la vitambaa, ambaye alikula samaki wangu kila siku, akaacha kuja. Nikamfuata dukani. Alikuwa amekaa, mkono kifuani.

"Binti yangu, sikukuacha wewe. Nimeacha mafuta yako, moyo unanisumbua."

Mwanawe ni nesi, alikuwepo. Hakunifokea. Alisema mafuta yakichomwa na kurudiwa, hewa inayaharibu, na yaliyoharibika huharibu na mapya unayomwagia juu. Ukiyala kila siku, yanaweza kuchangia kuharibu mishipa ya moyo. Na tambara la mafuta ukilifungia, hewa hiyohiyo hulipasha joto mpaka linaweza kuwaka lenyewe.

Nikamuuliza, "Mimi ndiye nimemuumiza baba?"

"Sijui dada. Na sigara anavuta."

Bora angesema ndiyo.

Mbegu nimeiacha. Kila siku naanza na mafuta mapya, matambara naloweka kwenye maji. Wateja wengine wanasema ladha imepungua. Ni kweli, imepungua.

Mzee Salum bado hajarudi. Nikipita dukani kwake namsalimia kwa mbali.

Nilichojifunza: harufu ikibadilika, mafuta yanakuambia kitu. Mimi niliambiwa mapema, nikajifanya sijasikia. Jini sikuliona. Ila bora lingekuwa jini, maana hili nililipakua mwenyewe kwenye sahani za watu.

Kama nimekosea maelezo ya nesi, mnisahihishe.

Na nyie mnaokaanga, semeni kweli hapa: dumu lenu mlilianza wenyewe, au mlilikuta?