Msibani walitaka kushusha picha ya watoto wenye mabawa, nikakataa

Wakuu, salamu kwenu. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Nasimulia kama ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Naishi Liverpool, Sydney. Kazi yangu ni warehouse, Smithfield. Majuzi nimempoteza mke wangu.

Sebuleni alikuwa ametundika picha kubwa aliyoinunua op shop, duka la mitumba. Mchoro wa Kizungu wa kizamani: watoto wanene wenye mabawa, uchi kabisa, wanasherehekea spring. Wengine wanamwaga maua toka mawinguni, mmoja kampanda mbuzi.

Kwetu msiba ukiingia, sebule inaachwa tupu na mapambo yanashushwa. Wamama wa kanisa wakaja, wakatoa sofa na TV. Sikubisha.

Kisha Mama Furaha, kiongozi wao, akaishika ile picha.

"Hiyo iache, mama."

"Shemeji, tuombe huku tunatazama makalio?"

"Hao ni malaika."

"Malaika gani? Baridi yote hii, hata sweta hawana!"

Wamama wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali.

Lakini mikono yake ilikuwa bado kwenye fremu. Ikabidi niseme jambo ambalo hapa hatukuwahi kumwambia mtu.

Mtoto wetu wa kwanza, Amani, alifia kambi ya wakimbizi, kabla hatujaja huku. Hatukuwa na simu, hatuna picha yake hata moja. Mke wangu alipouona mchoro ule dukani alisimama, akanionyesha mtoto wa pembeni mwenye kikapu cha maua. "Mashavu ya Amani haya," akasema. Kila asubuhi alikuwa anamsalimia.

Mimi, kusema kweli, sikuona wanafanana wapi. Yule ni mweupe kama maziwa. Ila aliyemnyonyesha ni yeye, si mimi.

Nikawaambia, "Mkiishusha, mnamtoa mtoto kwenye msiba wa mama yake."

Mama Furaha akainyoosha fremu, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge. Maombi yalipoanza, akasimama chini yake akamtaja marehemu kwa jina jipya: Mama Amani. Miaka yote hapa Sydney hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Nilichojifunza: mila naziheshimu, lakini mfiwa naye ana mdomo. Ukikataa jambo, toa sababu yako. Watu wetu wanasikia.

Mliofiwa ugenini, nyinyi mlikataa kushusha nini? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.