Bei Aliyoitaja Obadiah

Obadiah wa Mbololo alikuwa mtu wa kukataa. Mimi kazi yangu ni kunoa visu na mapanga, natembea nayo kutoka Voi hadi Mghange na kurudi, na katika nyumba zote ninazopita hakuna mtu aliyenisumbua kama yeye. Nikimaliza kunoa analijaribu panga kwa kidole gumba, analitazama upande huu na upande ule, halafu ananirudishia. "Bado, Tom." Mkewe Teresia alikuwa akicheka jikoni. "Mpe tu pesa yake mtu wa watu aende! Wewe hata siku ya kufa utamwambia Mungu bado!"

Teresia ndiye aliyetangulia, mwaka jana wakati wa mvua za masika. Obadiah hakulia. Watu walimtazama kaburini wakingoja alie, wakachoka kungoja. Baada ya hapo akaanza kusema sawa.

Dalali wa ng'ombe alikuja akataja bei ya kuchekesha, akaambiwa sawa, akaondoka na ng'ombe mwenye mimba. Jirani akaomba mabati yaliyobaki ya stoo, sawa. Mizinga ya nyuki, sawa. Ukimuuliza unaendeleaje, anasema niko. Ukimpa chakula anakula, usipompa hakumbuki. Hana uchungu wala hana hasira. Amekaa tu kwenye kigoda mbele ya nyumba kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitali, na hajali likiitwa au lisipoitwa.

Kilichobaki cha kuuzwa kilikuwa gari.

Gari lenyewe ni Mustang ya mwaka wa sitini na saba. Najua mtu atauliza Mustang ilifikaje Mbololo. Obadiah alipokuwa kijana aliendesha gari la Mmarekani mmoja, Mista Harlan, aliyekuwa akichimba mawe ya kijani huko upande wa Kasigau. Mmarekani huyo aliagiza gari lake kutoka kwao, likashushwa Kilindini likiwa na usukani upande wa kushoto, na wazee wa hapa walipomwona akipita walidhani gari linaendeshwa na abiria. Mawe yalipokataa kuonekana akarudi kwao. Gari akamwachia Obadiah, pamoja na logbook, kitabu cha umiliki, kwa jina lake Obadiah.

Lilikuwa likinywa petroli kama ngamia. Kwenda Mwatate na kurudi ilikuwa mshahara. Basi Obadiah akatoa ile injini kubwa, akamuuzia mtu wa vyuma vikuukuu, akaweka injini ya Hiace, ile ya matatu. Tangu hapo likawa gari la maharusi. Kama mama yako aliolewa Mbololo miaka ile, alipelekwa kanisani na Mustang yenye moyo wa Hiace.

Sasa mtu mmoja wa Nairobi aitwaye Kitonga, ambaye kazi yake ni kutafutia matajiri magari ya zamani, aliona picha ya gari hilo kwenye simu ya mtu. Akapiga simu. Akasema atatoa laki sita.

"Sawa," akasema Obadiah.

Dinah, binti yake, anauza mboga soko la Voi na siku hiyo alikuwa amekuja kumfulia nguo. Alimnyang'anya baba yake simu. Akamwambia Kitonga mzee hajasikia vizuri, aje mwenyewe atazame gari, ndipo bei izungumzwe. Kisha akanitafuta mimi, akamtafuta na Munir.

"Babu Tom," akaniambia, "mimi sitetei gari. Gari ni chuma. Lakini baba hakatai kitu tena. Leo wakilichukua gari kwa sawa, kesho watakuja kwa shamba. Kuna mtu tayari ameuliza lile shamba la chini. Nataka nimsikie akisema bei yake mwenyewe. Mara moja tu."

Munir ana duka la spea pale Voi, watu wake ni wa pwani, na kwa bei ya gari lililotumika hakuna anayemshinda. Alifika asubuhi ya siku ile Kitonga aliyotarajiwa kuja, amevaa kofia yake ya viua, akamshika Obadiah mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, shikamoo. Pole tena kwa mama."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Tukaingia bandani. Munir alilizunguka gari polepole. Alilala chini akatazama tumbo lake, akagonga milango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Majirani wawili watatu walikuwa wameshafika, kila mmoja na bei yake. Hapa kwetu gari lolote linapimwa kwa Probox, kigari cha kubebea mizigo.

"Probox nzuri ni laki saba," akasema mmoja, "na inabeba nyanya. Hii hata gunia moja haiingii. Laki sita ni nyingi!"

"Ndugu yangu," Munir akamjibu kutoka chini ya gari, "na mkeo ulimpima kwa Probox?"

Walicheka wote. Obadiah alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama kule walikotazama wengine, basi.

Munir akatoka akajipangusa. "Sikilizeni. Haya magari thamani yake ni kubaki vile yalivyozaliwa. Hili injini yake halina, na hapo pesa nyingi sana imekufa. Lakini bodi! Mombasa lingekuwa limeshaliwa na chumvi, limebaki matundu. Huku kwenu jua kali, hewa kavu, chuma kizima. Vioo vyake ni vyake. Logbook ipo, mwenye jina yupo hai. Haya ni mambo makubwa."

"Na hapo nyuma?" nikamuuliza. Bamba la nyuma lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyokaliwa.

"Hapo palipatwa na nini?" akauliza Munir.

"Ndovu," akasema Dinah. "Walitoka huko mbugani mwaka wa ukame, mmoja akajikuna kwenye banda."

Munir aliguna. Akampigia mpwa wake wa Mombasa, akamtumia picha, wakazungumza kwa muda. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu na Obadiah, magoti yao yakigusana.

"Mzee wangu, kuna bei ya kutaja na kuna bei ya kuuza. Ukitaja ya kuuza umeshapunjwa. Ukitaja kubwa mno, mtu anapanda gari lake anaenda, hata hakujibu. Mimi naona hivi. Utaje milioni moja na laki nane. Yeye atashuka, nawe utashuka kidogo kidogo. Ikifika moja na tatu, simama hapo. Chini ya hapo mwambie kwaheri. Umenielewa?"

"Sawa," akasema Obadiah.

Dinah akanitazama. Ilikuwa ni sawa ileile.

Kitonga alifika baada ya chakula, na lori la kubebea magari lilikuwa limeshaegeshwa barabarani. Hiyo ilituonyesha kuwa jibu alikuwa nalo tangu Nairobi. Alikuwa kijana mnene mwenye kicheko, mwenye heshima zake, si mtu mbaya. Alimsalimia mzee vizuri, akamwachia na mkate na sukari. Kisha akaingia bandani na tochi ingawa ulikuwa mchana.

"Mzee, nikuambie ukweli. Injini hii ni ya matatu."

"Ndiyo," akasema Obadiah.

"Kwa hivyo hapa unaniuzia bodi tu."

"Ndiyo."

"Rangi imepigwa juu ya rangi. Na brashi, wah! Hii ni brashi ya nyumba."

"Ndiyo, ni ya nyumba."

Munir alikohoa. Kitonga akazunguka nyuma, akapiga magoti. "Na hapa mligongwa na nini?"

"Ndovu," akasema Obadiah.

"Ndovu?"

"Sasa hapo, bwana, ongeza pesa," Munir akadakia. "Mustang ziko nyingi duniani. Iliyokunwa na ndovu utaipata wapi?"

Kitonga alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe mzee wa kofia wewe! Haya. Lakini fundi wangu hatacheka." Akamgeukia Obadiah. "Mzee, unaona mwenyewe. Ile laki sita niliyosema, kusema kweli nilikuwa nimejitia moyo."

Obadiah alifungua mdomo. Dinah alikuwa ameshika sinia la chai. Sote tulijua neno gani linakuja. Kitonga naye, maana alikuwa ameshatia mkono mfukoni kutoa simu ya kumwita mtu wa lori.

Lakini alikuwa hajamaliza orodha yake. Huku akingoja jibu, akafungua mlango wa gari achungulie ndani.

"Ai! Na hii ni nini? Mmefunga vikapu kwa viti?"

Viti viwili vya mbele vilikuwa vimevishwa mkonge. Ngozi yake ya kwanza ilipasuliwa na jua miaka mingi iliyopita, na fundi wa Voi alitaka pesa ambayo haikuwepo. Teresia akasema kiti ni kikapu kilicholala. Akakaa akavisuka, kwa uzi wa mkonge alioupaka rangi mwenyewe, zambarau na kahawia na nyeupe, kama wanawake wa hapa wanavyosuka vikapu vya kuuza, akazungusha kila kona na kila mkunjo. Maharusi wote walikalia hapo. Walikuwa wakishuka na alama ya mkonge nyuma ya gauni, na watu wanacheka.

"Hii nitang'oa nitupe," akasema Kitonga, akibofya kiti kwa kidole. "Kushona viti upya ni kama laki moja. Kwa hivyo tutoe hiyo, mzee, tubaki na laki tano."

"Hapana."

Halikuwa neno la sauti kubwa. Kitonga hata hakulisikia vizuri, akamtazama Munir.

"Amesema hapana," akasema Munir.

"Hapana nini, mzee?"

"Viti havipunguzi."

"Mzee, lakini viti vimeharibika..."

"Injini imeharibika," akasema Obadiah. "Rangi imeharibika. Nyuma ndovu ameharibu. Hayo nimekubali. Viti havikuharibika. Havipunguzi."

"Sawa, sawa, basi tusigombane. Sema bei yako."

"Milioni moja na laki nane."

Dinah akaweka sinia chini, juu ya mchanga.

"Pamoja na hivi vikapu?" Kitonga akauliza, kicheko kimeanza kupungua.

"Viti haviuzwi."

Munir alifumba macho. Maishani mwake hajapata kuona mtu anapandisha bei mara tatu huku akipunguza mali. Kitonga akatoka nje, akasimama kwenye mkonge wa ua akiongea na simu kwa Kikamba, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kikamba tena. Tajiri wake alikuwa upande wa pili. Aliporudi alisema moja na mbili. Obadiah akasema moja na nane. Kitonga akasema moja na nne.

"Mzee wangu," Munir akamnong'oneza, "tayari tumeshapita pale tuliposema. Shuka kidogo."

"Moja na nane," akasema Obadiah.

Sasa hofu ikageuka. Asubuhi tuliogopa asije akakubali kila kitu, na sasa tuliogopa kwamba hatakubali chochote. Dinah akamwinamia. "Baba, mimi nilitaka tu uitaje. Umeitaja. Usimfukuze mtu."

Kitonga alikwenda hadi langoni. Mtu wa lori akawasha injini, nadhani ni Kitonga aliyemwambia awashe ili tuisikie. Halafu akarudi, jasho limemtoka. "Moja na sita. Bila viti. Na mzee, kwa heshima yako, hapo ndipo mwisho wangu, hata ukinichinja."

Obadiah alimuuliza Munir, "Ni bei?"

"Wallahi ni bei."

"Basi," akasema Obadiah, akaenda kutafuta spana.

Alivitoa viti mwenyewe. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, na Kitonga alitaka kumwita mtu wa lori amsaidie, lakini mzee alimpa mgongo. Tulikaa tukimngoja. Chai ilipoa. Pesa zilipoingia benki na Dinah kuthibitisha kwa simu, karatasi zikatiwa sahihi, na gari likavutwa juu ya lori, tupu mbele, usukani umesimama peke yake. Watu walitoka nje kulitazama likishuka kuelekea barabara ya Mombasa. Mama mmoja akapunga mkono. Obadiah alikuwa ameshakaa.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo amerudi kuwa yule wa zamani. Hajarudi. Nilipita tena majuzi, nikamkuta kwenye kigoda chake, nikamuuliza unaendeleaje, akasema niko. Shamba la chini bado ni lake. Yule aliyeliuliza alikuja, akaambiwa na mzee haliuzwi, na Dinah anasema lilisemwa hivyo tu, bila kelele, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Viti viko bandani, palepale gari lilipokuwa, vimetazama mlango. Dinah alikuwa anafagia. Alikisogeza kimoja ukutani apate njia.

"Hicho cha kulia ni cha mama yako," akasema Obadiah bila kugeuka.

Dinah akakirudisha, na mzee akaendelea kunywa chai.