Muatine ya Mama Yangu na Miguu ya Kijana Wangu

Jirani yangu, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa anaongea kwa pua kama mbuzi amefungiwa. "Mamaaa, hiyo pombe yako ndiyo iliharibu huyo kijanaaa!" Nikimwigiza watu hucheka. Siku hiyo hata mimi sikucheka.

Kijana wangu wa kwanza alitembea vizuri mpaka darasa la sita. Halafu miguu ikaanza kumtupa. Anaanza njia ya kisima, anajikuta kwa shamba la mtu. Sokoni Matinyani wakamzoea: "Ehe! Wa mama pombe ameshiba!" Na hajawahi kuonja hata tone! Ulimi nao ukawa mzito. Akaacha soko, akaacha kanisa, akawa wa kukaa nyuma ya ghala akisokota kamba ya mkonge.

Mimi kweli nilikuwa natengeneza uki, pombe yetu ya asali, ile ya kupeleka kwa mambo ya mahari. Na uki haichachi bila muatine. Hilo ni tunda refu la mti, unalipasua, unalichemsha, unalikausha. Likishakaa kwa kibuyu na asali likajua kazi, unalitoa, unalianika, na siku ingine linafanya kazi ile ile. Yangu nilipewa na mama yangu nikiolewa, uhuru bado mpya. "Chunga hii kuliko bwana yako," akaniambia. Nikachunga vyote viwili, lakini bwana ndiye aliisha kwanza.

Sasa jirani akaniuliza, "Ukiwa na mimba yake, si ulikuwa unaonjaaa?"

Nilikuwa naonja. Mpishi gani haonji? Hapo ndipo aliniweza. Kila nikimwona kijana akishika ukuta, nasikia ile asali kwa ulimi. Nikakubali: Jumamosi wamama wa kanisa waje na mafuta ya taa, tuchome muatine mbele ya watu.

Ijumaa msichana wangu akafika. Alikuwa chuo kikuu Nairobi, miaka ya tisini ikiisha, na mvua kubwa ilikuwa imebeba daraja, kwa hivyo alikuja na matope mpaka magoti. Huyo akifurahi huniita mama kwa lugha yetu, na huongea kama cherehani. "Mwaitu-mwaitu-kaa-chini-mwaitu!"

"Nikae wapi, na chapati zinaungua?"

"Ziungue! Majibu ya ile damu ya kaka tuliyopeleka maabara yamerudi. Si pombe. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unakula mishipa inayopeleka habari kwa miguu."

Akatoa picha aliyopewa na walimu wake. Nikaona madoa meupe, mistari mitatu, kama uji umedondoka kwa meza.

"Hii ni hamira," akasema.

"Ya mandazi?"

"Ya mandazi, na ndugu yake ndiye anakaa ndani ya muatine yako. Sasa sikia! Ndani ya mwili wetu kuna kitu kidogo kinachunga chuma kisijae mahali hakitakiwi, na cha kaka kimeharibika. Hamira nayo iko na yake, karibu sawa na yetu. Mstari wa kwanza ni hamira nzima. Wa pili, wameitolea hicho kitu. Ona!"

Mstari wa pili ulikuwa karibu mtupu.

"Chuma kimejaa ndani, imekosa nguvu. Na wa tatu, mwaitu, wa tatu! Ni ile ile iliyotolewa, lakini wameiwekea kitu cha binadamu!"

Mstari wa tatu ulikuwa umejaa. Nikaruka! Chapati zikaungua zote. Kumbe mtu na hamira wanaweza kuombana kitu kama majirani wanavyoombana moto!

Nikamshika mkono. "Na kuonja kwangu?"

"Kuonja hakukuleta hii. Kila mtu hubeba hicho kitu mara mbili, cha mama na cha baba. Wewe ulikuwa na kimoja kibovu, baba pia kimoja, na mkatembea sawa kwa sababu ya kile kizuri. Yeye akapata vibovu vyote viwili."

Kumbe nusu ilikuwa yangu. Lakini hiyo sikumpa kwa mkono wangu, kwa kupenda.

Kijana alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akauliza polepole, "Na mimi, mtaniwekea lini?"

Dada yake akampa ile picha. "Bado. Kwa hamira tumeweza. Kwa mtu, bado."

Akaangalia ile picha muda mrefu. "Basi ongezeni bidii," akasema, na akamrudishia.

Jumamosi wamama wakaja na mkebe wao. Muatine ilikuwa kwa kikapu cha kiondo, katikati ya uwanja. Kabla sijafungua mdomo, kijana akatoka nyuma ya ghala, mchana, mbele ya wote, akienda hivi akirudi hivi, hashiki ukuta. Akainama, nusura aanguke, akachukua kiondo. Akamgeukia jirani, na kwa ule ulimi wake mzito akasema kwa pua, "Mamaaa, rudini na mafuta yenu mkawashe taaa!"

Hata mzee wa kanisa, aliyemsindikiza mke wake, alicheka. Na hiyo sauti ya kuigiza haikuwa nusu kwa nusu. Hiyo yote ilitoka kwangu.